Herufi Aliyoisahihisha Sajini Reginald

Sajini Reginald wa jikoni alikuwa na mambo mawili ya kujivunia hapa duniani, na yote mawili yalimgeukia katika wiki moja. La kwanza mwandiko. La pili majina.

Tuanze na mwandiko, maana hata mwenyewe angependa tuanzie hapo. Reginald aliishia darasa la saba kule Chiungutwa, mwaka ambao shule nzima ilifaulisha watoto wawili na yeye hakuwa mmojawapo. Lakini mkono wake! Herufi zilisimama kama makuruta kwenye paredi, hakuna iliyopinda mgongo. Katika kambi ile ya jeshi, iliyo kando ya barabara ya kwenda Nanganga, maluteni wenye digrii walikuwa wakimletea ripoti zao "azitupie jicho." Naye alikohoa kwanza, akavaa miwani, akasahihisha. Huku kwetu mtu akisema "ntoto" au "nke wangu," tunamwelewa na maisha yanaendelea. Kwa Reginald hayakuendelea. Yeye Mmakua wa kuzaliwa alikuwa amejiapiza kwamba hakuna Mmakua, Myao wala Mmakonde atakayewaaibisha watu wa kusini mbele ya wageni kwa kuimeza herufi M.

Na majina? Hapo alikuwa padri bila kanzu. Kila kuruta aliyefika kwenye dirisha la jiko siku ya kwanza aliondoka na ugali, maharage na jina jipya. Kijana aliyesinzia kila alipoegemea ukuta akaitwa Chaji. Msichana mrefu kutoka Singida akaitwa Nguzo, na kweli akisimama mlangoni ulidhani nyumba imeongezwa. Majina ya Reginald yalikuwa hayatoki. Hata Mkuu wa Kambi, Meja Yuster, mama mkavu asiyecheka bila sababu ya maandishi, siku moja alijisahau akaita, "Chaji, njoo hapa."

Basi kundi la mwaka huu lilipoingia, likapanga foleni, na katika foleni akatokea kijana mweupe, pua imechongoka, nywele zimelala. Reginald hakujisumbua hata kufikiri.

"Mwarabu," akasema. "Sogeza sahani, Mwarabu. Tende zimeisha, chukua maharage."

Jiko zima likacheka. Kijana naye akacheka kidogo, kwa adabu, akasogeza sahani.

Jina lake lilikuwa Mahmudu Tahiri, mwenyeji wa Newala. Kwa miezi mitano iliyofuata jina hilo lilibaki kwenye daftari tu.

Sasa jikoni humo alikuwamo kuruta mwingine, Alfredi Tawete, Mngoni kutoka Songea, mwenye mikono ya kusonga ugali wa watu mia nne bila kuhema. Huyo Reginald alimpenda kwa sababu moja: walikuwa watani. Kwa mliozaliwa mjini, ngoja niwaeleze. Enzi za mababu Wangoni walishuka huku wakatupiga, wakachukua watu na mali. Baadaye wazee wakaona kisasi kinachosha, wakakigeuza mzaha. Tangu hapo Mngoni na mtu wa huku wakikutana wanaruhusiwa kutukanana vyovyote, hata msibani, hata mbele ya jeneza, na anayekasirika ndiye mwenye makosa.

Kila asubuhi jiko lilifunguliwa hivi:

"Mtumwa wangu, umeamka?" anauliza Reginald.

"Nimeamka, mzigo wangu," anajibu Alfredi. "Babu yako tulimtwisha mkeka kutoka Masasi mpaka Songea, na njia nzima alikuwa anaomba kwenda haja."

"Aliomba kwenda haja ili atoroke. Na alitoroka. Ndiyo maana mimi sajini na wewe unapika."

Wanacheka mpaka machozi, moshi ukisaidia. Na pembeni, akipanga kuni, Mahmudu anasikia. Miezi mitano anasikia.

Jumatatu moja saa tano asubuhi, zikiwa zimebaki siku tisa kufunga mafunzo, orodha ya watakaochukuliwa moja kwa moja jeshini ikabandikwa ubaoni. Mahmudu alikuwa wa kumi na nne. Aliisoma mara tatu, akaenda kuchukua zamu yake ya kuni akiwa mwepesi kama aliyevuliwa gunia. Akaingia jikoni, akatua mzigo, akapangusa mikono, akamtazama Alfredi aliyekuwa amezama kwenye sufuria, na kwa mara ya kwanza akalitoa neno ambalo kwa mtoto wa Kimakonde ni haki yake ya kuzaliwa.

"Ntumwa wangu," akasema, "songa vizuri, usije ukanilisha mabonge."

Akasubiri kicheko.

Alfredi aliacha kusonga. Akageuka taratibu, akautazama uso ule mweupe uliokuwa ukitabasamu, na mwiko wa kambi, ambao kwa urefu unamzidi mtoto wa darasa la tano, ukapanda juu na kushuka. Nyusi ya Mahmudu ikapasuka. Reginald, aliyekuwa stoo akipima chumvi, alitoka akakuta damu, unga, na vijana wawili wameshikana shingo.

Kama yangeishia jikoni, yangeisha. Lakini neno lilitoka kwa dirisha lile lile la ugali. Mpaka saa saba kambi nzima ilishajua kwamba Mwarabu amemwita mtu mweusi mtumwa. Kwenye mesi mabenchi yakaruka. Kundi moja likapiga kelele, "Arudi kwao Maskati!" Vijana wanne wa Newala, ambao hata hawakumpenda Mahmudu sana kwa sababu hakopeshi sabuni, wakasimama kumkinga wakisema kwao ni hapo juu tu, ukinyoosha shingo unapaona. Watatu wakapelekwa zahanati. Mahmudu akawekwa chumba kimoja cha gadi, Alfredi cha pili. Na jioni ile foleni ya chakula, ambayo miezi mitano ilikuwa moja, ikawa mbili bila mtu yeyote kutoa amri. Reginald aliziona kutoka dirishani kwake.

Lakini kabla ya jioni hiyo aliitwa kuandika ripoti. Nani mwingine angeandika? Akavaa miwani. Akaandika tarehe, saa, idadi ya kuni. Akafika kwenye neno lenyewe. Sikio lake lilikuwa limelisikia vizuri kupitia mlango wa stoo: *ntumwa*. Kalamu ikasita kidogo. Halafu, kama alivyofanya maisha yake yote, akasahihisha. "Kuruta Mahmudu Tahiri alimwita Kuruta Alfredi Tawete 'mtumwa wangu.'" Kituo. Sahihi. Ukurasa ulipendeza.

Meja Yuster aliusoma amesimama.

"Mwandiko mzuri, Sajini."

"Ahsante, afande."

"Bodi ni Alhamisi saa tatu. Tawete nitampa adhabu kwa kumpiga mwenzake, atabaki. Huyu mwingine anaondoka. Jina lake litakatwa kwenye orodha na atarudishwa kwao."

Reginald akavua miwani. "Afande, yule kijana alikuwa anatania."

"Anatania?" Meja aligeuza karatasi nyuma na mbele. "Umeandika wapi kwamba ni utani?"

Reginald akatazama. Kweli, hapakuwa na mahali.

"Tena nikwambie," Meja akaendelea, na hakupandisha sauti, maana hakuwa na haja. "Mimi ni mtu wa Karagwe. Utani wenu wa huku siujui na sitaki kuujua. Hapa jeshini hakuna kabila, hakuna rangi, hakuna dini. Leo asubuhi nilikuwa na kombania moja. Sasa hivi nina mbili, moja ya weusi na moja ya wanaoitwa Waarabu. Na iliyozigawa ni sentensi hii hapa, uliyoiandika wewe. Unaweza kwenda."

Alikwenda, lakini kukaa ndiko kulikomshinda. Jumanne aliyatia maharage chumvi mara mbili, na watu mia nne wakanywa maji kama ng'ombe wa mnadani. Alihesabu magunia ya unga, akasahau, akahesabu tena. Alipita mbele ya chumba cha gadi mara sita, kila mara akijifanya anatafuta mtu mwingine. Kupitia nondo alimwona Mahmudu amekaa chini, bandeji juu ya jicho, mikono kwenye magoti. Kijana alisimama kwa heshima.

"Jambo, afande."

"Jambo. Umekula?"

"Nimekula, afande."

"Chumvi ilizidi."

"Kidogo, afande."

Ndiyo mazungumzo yote. Reginald akaondoka kama aliyeitwa.

Alasiri alikwenda nyumbani kwake Masasi mjini, akamkuta mke wake Dorika uani anamenya ming'oko, vile viazi vya porini. Dorika ni Mmakua kama yeye, mwanamke wa maneno machache yenye ncha. Reginald akavuta kigoda, akakaa, akasimama, akaenda kutazama kuku, akarudi.

"Baba Sophia, kaa."

"Si nimekaa."

"Umekaa huku unatembea? Kuku wenyewe wameanza kukuogopa. Kuna nini?"

Akamweleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, akiacha mambo fulani fulani ambayo hakuona umuhimu wake. Dorika hakuacha kumenya.

"Kijana alisemaje hasa?" akauliza. "Kwa mdomo wake."

"Alisema 'ntumwa wangu.'"

"Na wewe ukaandikaje?"

"Nikaandika 'mtumwa.' Ndiyo Kiswahili fasaha, Mama Sophia, nifanyeje?"

Kisu kikasimama. "Basi umemnyang'anya kwao kwa kalamu. Mwarabu gani anasema ntumwa? Huyo ni Mmakonde mpaka kwenye kisigino. Ungeiacha hiyo herufi yake, hata kipofu angejua ni mtani wa Mngoni."

Reginald alimtazama kama aliyeletewa taa. Kumbe ni herufi! Herufi moja tu! Kuhusu herufi hakuna afisa wa kumtisha katika kambi ile. Alikwishasimama kwenda kutafuta pikipiki ya kuazima, akachukue ushahidi zaidi Newala kwa wazazi wa kijana, Dorika alipoongeza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Na huko kambini nyie mnamwitaje?"

"Nani?"

"Huyo mtoto."

"Ngoja niwafungie kuku," akasema Reginald. Jua lilikuwa bado kali na kuku hawakuwa na habari ya kulala.

Jumatano alipewa ruhusa ya siku moja, akapanda Newala. Ukiiacha tambarare ya Masasi na majabali yake, barabara inaanza kujikunja kwenda juu, na ukifika kwenye uwanda upepo unakubadilikia, unakuwa wa baridi na wenye harufu ya salfa, maana ilikuwa miezi ya kupulizia mikorosho. Mtu mwingine angesimama atazame bonde. Reginald alipita akiwa anasema peke yake juu ya pikipiki. "Waheshimiwa wajumbe wa bodi, suala hili ni suala la herufi." Akaisema tena kwa sauti nzito zaidi. Ikampendeza.

Nyumba ya akina Mahmudu haikuwa na Uarabu wowote ila picha moja ya babu mwenye kilemba, iliyofifia ukutani, aliyekuja na biashara ya nguo akaoa huku akazikwa huku. Waliobaki wote ni wakulima wa korosho na muhogo. Mama mtu, Faidha, alikuwa ameinama juu ya mkeka anageuza makopa ya muhogo yaliyoanikwa. Mweusi, mfupi, mwenye mikono ya jembe. Alipoona magwanda akashika kifua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Mahmudu. Usishtuke, mwanao ni mzima."

"Nzima kabisa?"

"Nyusi tu."

Akajitambulisha kuwa Mmakua wa Masasi, akamweleza yaliyotokea. Mwanzoni Faidha alicheka, tena kicheko cha kuketi chini.

"Kapigwa na Nngoni kwa kumwita ntumwa? Huyo Nngoni kalelewa wapi? Mie hapa baba yangu alipozikwa, Nngoni mmoja aliingia mwenyewe kaburini akalala, akasema hatoki mpaka tumpe kuku. Tukampa."

"Huyo Mngoni alidhani ni Mwarabu."

"Mwarabu ni babake, tena nusu tu. Kwetu ntu ni wa mama yake, baba, na wewe unajua, wewe si Mmakua? Mie ndo nimenzaa. Ukoo wake ni huu hapa." Akajipiga kifua.

"Wangoni wanahesabu kwa baba, Mama Mahmudu."

"Basi kahesabu vibaya." Halafu kicheko kikamtoka usoni, akaelewa. "Watanfukuza?"

"Bodi ni kesho. Ndiyo maana nimekuja."

Faidha akageuza kopa moja ambalo lilikuwa limeshageuzwa. "Mwezi wa kwanza alinipigia simu, akaniambia huko wamempa jina. Nikamuuliza jina gani, hakutaka kusema. Akasema aliyempa ni ntu nzima, tena wa huku huku kwetu. Nikamwambia basi kama ni wa kwetu usijali, ipo siku atakuona wewe ni nani." Akanyanyua macho. "Wewe uko huko siku zote, baba. Unanfahamu huyo ntu?"

Upepo ulipita kwenye mikorosho. Reginald alisikia miguu yake yote miwili inataka kuondoka, kila mmoja kwa njia yake.

"Simfahamu," akasema.

Hakunywa hata maji aliyokaribishwa.

Alhamisi saa tatu kamili bodi ikakaa: Meja Yuster katikati, makapteni wawili pembeni. Mahmudu na Alfredi walisimama wima, hatua tatu kati yao. Reginald alikuwa amepiga pasi mpaka suruali ingeweza kusimama bila yeye.

"Sajini, una la kuongeza kwenye ripoti yako?"

"Ninalo, afande. Naomba kuisahihisha. Mstari wa tisa. Pale penye M, isomeke N."

Kapteni mmoja akafunika mdomo. Meja hakufunika chochote. "Unataka kuniambia kesi hii ni ya tahajia?"

"Ndiyo, afande. Kijana hakusema 'mtumwa.' Alisema 'ntumwa.' Anayesema hivyo ni mzaliwa wa uwandani. Ni Mmakonde kwa mama yake, na Mmakonde ni mtani wa Mngoni. Jumatatu alimtania mtani wake kwa lugha ya kwao. Mimi nikaisafisha lugha, nikaua utani."

Meja akamgeukia Mahmudu. Kwa siku zote tatu kijana alikuwa hajaulizwa kitu ila cha kujibu "ndiyo" au "hapana." "Kuruta, kwenu mtu mzima mwenye mvi anaitwaje?"

"Nzee, afande."

"Na hicho cha kulalia kwenye jua?"

"Nkeka, afande."

Kapteni akashindwa, akacheka. Reginald akavuta pumzi. Alishaona ushindi unaingia mlangoni, unavua viatu.

"Sawa," akasema Meja. "Nakubali, ulimi wake ni wa Newala. Lakini nilikwambia, jeshini hakuna kabila. Kama hakuna kabila, hakuna utani wa makabila. Kinachobaki ni tusi."

Hapo Reginald akafanya jambo la kijasiri, au la kijinga, tofauti yake huwa ni matokeo. "Afande, kama hakuna kabila, basi hata Mwarabu hayupo. Na kama Mwarabu hayupo, hapa kuna vijana wawili wa nchi moja, mmoja amemtania mwenzake, mwenzake amempiga mwiko. Anayeondoka kwa nini awe aliyepigwa?"

Meja aliandika kitu kifupi. Halafu akamgeukia Alfredi.

"Tawete. Huyu Sajini amewahi kukuita mtumwa?"

"Kila siku, afande."

"Ukamfanya nini?"

"Nilicheka, afande."

"Jumatatu mbona hukucheka?"

Alfredi alikuwa kijana mkubwa, lakini sauti ilitoka ndogo. "Afande, ningesema nini? Nilipogeuka nilimwona Mwarabu. Shuleni tulifundishwa habari za misafara ya watumwa, na picha tuliiona. Neno lile, na sura ile. Nilisikia joto. Miezi mitano naambiwa huyu ni Mwarabu, sikujua kama ana kwao kwingine."

"Uliambiwa na nani?"

Alfredi akatazama dari. Mahmudu akatazama sakafu.

"Nimeuliza. Nani alianza kumwita hivyo?"

Jeshini wanafundisha mengi, na mojawapo ni kutomchongea mkubwa wako. Vijana wale wawili, ambao siku tatu zilizopita walikuwa wameshikana shingo, sasa walikuwa wamekubaliana bila kutazamana.

"Vizuri," akasema Meja Yuster, akafunga jalada. "Basi jina lilitoka kwenu wenyewe makuruta, na kugawanyika kumetoka kwenu. Sitabakiza nusu ya ugomvi kambini. Mnaondoka wote wawili. Sajini, ahsante kwa somo la herufi."

Ajabu ni kwamba miguu ya Reginald, iliyokuwa haijatulia tangu Jumatatu, ilitulia hapo. Ilitulia kama iliyopigwa misumari. Angeweza kupiga saluti na kutoka. Miezi minane ilibaki astaafu, na katika faili lake la miaka thelathini na mbili hakukuwa na doa hata la chai. Alilijua hilo kwa sababu sehemu kubwa ya faili aliliandika mwenyewe.

"Ni mimi, afande," akasema.

"Ni wewe nini?"

"Nilimwita Mwarabu. Siku ya kwanza, dirishani. Nikamwambia..." Akasita. Maneno yaliyochekesha jiko zima yalikuwa yamegoma kutoka. "Nikamwambia tende zimeisha."

Hakuna aliyecheka. Hata kapteni.

"Na Tawete ulikuwa unamwita mtumwa," Meja akasema taratibu.

"Yeye alikuwa ananijibu, afande. Ni mtani."

"Na huyu alikujibu nini?"

Reginald akageuka kumtazama Mahmudu. Kijana alikuwa wima, macho mbele, bandeji juu ya jicho. Kwa miezi mitano alikuwa akisogeza sahani.

"Hakunijibu, afande."

"Angejibuje? Wewe una tepe tatu begani na upawa mkononi. Sijui utani wenu, lakini naona kwamba unahitaji watu wawili." Akafungua tena jalada. "Wanabaki. Jina la Mahmudu Tahiri linabaki lilipo kwenye orodha, na la Tawete pia. Siku tano za fatiki, kazi ngumu za adhabu, pamoja, jembe moja wakipokezana. Na kuanzia leo, hapa mwenye cheo hamtanii asiye na cheo. Kila mtu ataitwa jina lililo kwenye daftari. Wewe Sajini, karipio kali, liingie kwenye faili. Huduma ya dirishani unaiacha leo. Na karipio lenyewe utaliandika kwa mkono wako, kesho ulisome kwenye paredi."

Aliliandika mara moja tu, bila kurudia. Ijumaa asubuhi akasimama mbele ya kombania yote akalisoma, na alipofika penye jina "Mwarabu" sauti ilikatika, watu wakadhani ni vumbi. Vijana walisimama wamechanganyika, lakini ukitazama sana bado uliona mshono pale walipokuwa wamepasuka. Paredi haishoni kila kitu kwa siku moja.

Baada ya hapo alimkuta Mahmudu kwenye tangi la maji. Mita chache tu kutoka hapo Alfredi alikuwa analima mtaro, amegeuza mgongo, akiwa kwenye zamu yake ya jembe.

"Jambo, afande."

"Mahmudu." Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. "Kijana wangu, mimi..."

"Afande, nimebaki. Nashukuru." Alikuwa na adabu ile ile, nayo ilichoma kuliko tusi. "Ila sijasahau bado. Sitaki nikudanganye."

"Ni haki yako."

"Jana waliniruhusu kupiga simu nyumbani. Mama akaniambia amekuja afande mmoja nzee, mpole sana, akahangaika mpaka huko. Anakuombea kila sala. Nikamuuliza, hakukwambia ni nani aliyenipa jina? Akasema alimuuliza, naye huyo afande akajibu hamfahamu."

Reginald akatazama tangi. Lilikuwa linavuja, tone, tone, tone.

"Umemwambia?"

"Bado, afande." Mahmudu akanyanyua ndoo. "Hilo nimekuachia wewe."

Jumamosi pikipiki ile ya kuazima ilipanda tena Newala. Safari hii hakukuwa na hotuba njiani. Kila sentensi aliyoianza aliiona imekaa vizuri mno, akaiacha idondoke barabarani. Alimkuta Faidha palepale uani, safari hii anatwanga. Mwanamke akaacha mchi, akatabasamu meno yote.

"Karibu, baba! Shikamoo. Karibu kigoda, kaa."

"Marahaba. Nitasimama, Mama Mahmudu." Akavua kofia. "Yule ntu uliyeniuliza, ninamfahamu. Ni mimi."

Neno lilikuwa limemtoka kwa N, na hakurudi kulisahihisha.

Faidha alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia mabuti mpaka mvi. Tabasamu likaondoka polepole, halikuacha hasira nyuma yake, liliacha kitu kama uchovu. Akaushika mchi. Akautua tena.

"Baba yake yuko shamba," akasema mwishoni. "Anapulizia. Anarudi saa kumi. Kaa hapo unngoje, umwambie na yeye."

Ilikuwa saa tano. Reginald akakaa kwenye kigoda, na goti la kushoto likaanza kucheza.